Makaa Hayasikii Baridi

Kichwa cha treni namba arobaini na nne sifuri saba
kilizaliwa kuvuta makaa ya mawe.
Baba yangu, Andrej Kolesar, alikiendesha miaka kumi na tisa
toka milima ya Pennsylvania hadi gati za Jersey,
mabehewa mia na ishirini nyuma yake,
yamejaa weusi, hayana neno.

Makaa hayana haraka, alizoea kusema.
Makaa hayatazami saa.

Kisha kampuni ikapiga hesabu,
ikaona umeme ghali, dizeli nafuu,
nyaya zikazimwa bonde baada ya bonde,
kama mtu azimaye taa za nyumba chumba kwa chumba
usiku wa kuhama.
Baba akapewa kiinua mgongo na saa ya mfukoni.
Kichwa kikapewa reli ya pembeni, magugu,
turubai lililopasuka,
na njiwa waliotaga palepale alipokuwa akiketi baba.

Miaka mitatu.

Ndipo reli ya abiria, maskini jeuri,
ikaja na pochi yake nyembamba kuchagua mitumba.
Wakakipaka buluu na mistari miwili ya fedha:
mzee kavalishwa suti ya harusi ya mjukuu,
mikono ya koti haifiki vifundoni.
Hakikuwa na mtambo wa kupasha mabehewa joto.
Nani angeufikiria?
Makaa hayasikii baridi.

Nilikipanda Januari, stesheni ya Rahway,
saa kumi na mbili na dakika nane asubuhi,
mimi karani wa bima, kahawa mkononi.
Pumzi zetu zilisimama mbele ya nyuso zetu.
Bibi mmoja alifunika magoti kwa gazeti,
ukurasa wa matangazo ya vifo ukiwa juu.
Kondakta Ofelia Iglesias alitoboa tikiti
na kwa bahati mbaya ncha ya glavu yake.

Kikaondoka.
Si kwa ulaini wa treni mpya, hata kidogo.
Kilikaza kwanza ulegevu, kiungo kwa kiungo,
ta, ta, ta, mpaka behewa la mwisho,
kikidhani tuko mia na ishirini.
Tulikuwa sita.
Kahawa yangu iliruka, ikatua mkobani mwa jirani.

Jioni nikamsimulia baba. Akaweka kijiko chini.
"Namba?"
Nikamtajia.
Akainuka kutafuta kofia,
kana kwamba treni imesimama mlangoni.

Kesho yake alinunua tikiti ya kwanza maishani mwake,
akaigeuzageuza kama noti ya bandia.
Akachagua behewa la mbele kabisa,
kiganja ukutani, kama mkunga.
Barafu ilikuwa imeshika waya;
cheche za kijani zikamwagika dirishani,
abiria wote wakainua macho. Yeye hakuinua.

"Dereva nani?"
"Kijana tu," Ofelia akasema. "Pruitt."
"Anamkaba. Mwambie asimkabe.
Amguse, ahesabu mpaka nne, ndipo amwombe."

Pale Elizabeth Ofelia alishuka,
nikamwona akitembea juu ya theluji hadi mbele,
akiinua vidole vinne kuelekea dirisha la dereva.

(Mwaka wa pili walikikata vipande.
Mafuta ya transfoma yalikuwa na sumu, walisema,
na karatasi za kukiaga zilikuwa nyingi
kuliko za kukipokea. Baba hakwenda kutazama.)

Lakini asubuhi ile tulitoka Elizabeth
na kahawa haikutikisika.
Mtu aliyekuwa amelala aliendelea kulala.
Baba aligeuka nyuma, akatupitia kwa macho safu kwa safu,
midomo ikicheza, akihesabu,
tabia ya miaka kumi na tisa.
Watu themanini hivi, na wote, mmoja baada ya mwingine,
walikunja mkono wa koti wakatazama saa.

Akafunga kifungo cha shingoni.
"Humu mna baridi," alisema,
kwa mshangao wa kweli,
kama mtu aliyeambiwa jambo hilo kwa mara ya kwanza.